Mazoezi kwa Mtu wa Makamo Mwenye Viungo Vinavyouma: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Goti langu la kulia lilipinda vibaya uwanjani nikiwa na miaka 24. Nilikaa nje wiki tatu, uvimbe ukashuka, nikarudi kucheza na kuona yamekwisha. Miaka ishirini baadaye goti lile lile likaanza kunidai. Kushuka ngazi ikawa kazi, kuchuchumaa ikashindikana, na kila nilipojaribu kurudi mazoezini mambo yalikwenda vilevile: wiki moja ya bidii kubwa, maumivu, mwezi mzima wa kukaa, halafu naanza tena kwa bidii ileile huku mwili umezidi kudhoofika.

Naandika mwongozo huu kwa sababu naamini mzunguko huo huwaharibu watu wa rika langu kuliko umri wenyewe. Kiungo chenye kasoro kinaweza kufanya kazi nyingi kikipewa kwa kipimo, juma baada ya juma. Kinachokishinda ni kubebeshwa kazi ya mwezi mzima kwa siku moja, kisha kuachwa kikae. Na kipimo chenyewe huwezi kukijua vizuri wakati wa mazoezi, maana mwili ukishapata moto huficha mengi. Unakijua kesho yake asubuhi, unapoteremsha miguu kitandani.

Kwa nini kupumzika peke yake hakutoshi

Gegedu, yaani ule utando mgumu wenye uso laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo kwenye maji. Kiungo kisichotembezwa hakilishwi vizuri. Misuli inayokizunguka nayo husinyaa: tangu miaka ya 30 mtu hupoteza takriban asilimia 3 hadi 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na asiyefanya mazoezi ndiye hupoteza zaidi. Goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili katika kutembea kwa kawaida tu. Msuli wa paja ukiwa umenywea, mzigo huo unaishia kwenye mfupa na gegedu. Ndiyo maana mtu anaweza kulipumzisha goti miezi sita na kuinuka nalo likiwa baya zaidi.

Kano, zile kamba zinazoshika msuli kwenye mfupa, zina tabia yake. Msuli huanza kuonyesha nguvu mpya ndani ya wiki nne hadi sita, lakini kano huhitaji miezi mitatu au zaidi kuzoea mzigo mpya. Hapo katikati ndipo wengi tunapoumia. Wiki ya tano unajiona kijana, unaongeza ghafla, na kano ya kisigino au ya bega ambayo bado iko nyuma inachanika kidogo kidogo. Ukikumbuka tofauti hiyo moja utajiepusha na nusu ya matatizo.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo lako ni la kufanyiwa mazoezi

Maumivu mengi ya viungo vya watu wa makamo ni ya kuchakaa, kudhoofika na makovu ya zamani, na hayo yanafaidika na mazoezi. Lakini yapo mengine yanayotaka daktari kwanza. Usianze kabla hujaonwa ikiwa:

- kiungo kimevimba, ni chekundu na cha moto, hasa ukiwa na homa;
- goti linakwama halikunjuki, au linakuacha ghafla ukiwa umesimama;
- huwezi kuukanyagia mguu baada ya kuanguka au kuteguka;
- maumivu yanakuamsha usiku kila siku bila kujali umelalaje, au unapungua uzito bila sababu;
- mgongo unauma na umepata ganzi sehemu za siri, au haja ndogo na kubwa zinakuponyoka (hii ni dharura ya siku hiyohiyo);
- kigimbi kimoja kimevimba, kinauma na kina joto kuliko kingine;
- unabanwa kifua au unapata kizunguzungu unapojitahidi.

Angalia pia ukakamavu wa asubuhi. Viungo vya kuchakaa hulegea ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Ukakamavu unaodumu saa nzima au zaidi, hasa kwenye vidole vya mikono yote miwili, unaashiria baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili, na hiyo ina dawa zake ambazo zisipoanzwa mapema kiungo huharibika. Kidole gumba cha mguu kinachowaka moto usiku mmoja mara nyingi ni jongo. Nalo lina dawa yake.

Kuhusu picha za eksirei na MRI, tafadhali usihukumiwe na karatasi. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 uliangalia picha za migongo ya watu wasio na maumivu yoyote, na diski (zile pedi zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo) zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 68 ya wenye miaka 40 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Hao ni watu wazima wa afya! Mwaka 2013 watafiti wa Finland waliwachukua wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65 ambao gegedu la kati la goti (ule mto mdogo ulio kati ya mifupa, si utando wa ncha zake) lilikuwa limechanika kwa kuchakaa. Karibu nusu walipasuliwa kweli, waliobaki wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza. Baada ya mwaka mmoja hali zao hazikutofautiana. Hii haimaanishi upasuaji hauna kazi, maana goti linalokwama au kano iliyokatika kabisa ni habari nyingine. Maana yake ni kwamba neno "limechakaa" kwenye majibu ya picha si amri ya kukaa chini.

Hatua ya 2: Andika daftari la mwili wako

Chukua daftari. Orodhesha kila jeraha unalolikumbuka tangu ujana: kifundo ulichoteguka, mkono uliovunjika, bega lililochomoka. Usiache yale unayodhani yamepona. Jeraha la zamani ndilo linalotabiri jeraha jipya kuliko karibu kitu kingine chochote, na mara nyingi mwili umekuwa ukilikwepa kwa miaka bila wewe kujua. Mimi niligundua kwamba nainuka kwenye kiti kwa mguu wa kushoto tu. Paja la kulia lilikuwa jembamba kwa sentimita tatu nilipolipima kwa futi ya fundi cherehani.

Kisha jipime, uandike namba:

1. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, hesabu unainuka na kukaa mara ngapi kwa sekunde 30. Kwa kulinganisha, kwa watu wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 14 kwa mwanaume na 12 kwa mwanamke huhesabiwa chini ya wastani. Ukiwa na 45 na huzifikii, umejua pa kuanzia.
2. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Sekunde 10 ni kiwango cha chini kabisa cha kulenga. Pima miguu yote miwili.
3. Inuka kwa ncha za vidole ukiwa umesimama mguu mmoja, ukigusa ukuta kwa vidole tu. Hesabu hadi usipoweza kufika juu.
4. Inua mikono yote juu ya kichwa mbele ya kioo. Je, bega moja linapanda kuelekea sikio? Wapi panauma?
5. Tembea kwa mwendo wako wa kawaida hadi uanze kusikia kiungo. Andika dakika.

Hatua ya 3: Jifunze kuyasoma maumivu

Kama hutafanya kingine chochote katika mwongozo huu, fanya hiki.

Yape maumivu namba kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni hakuna, kumi ni makali kuliko yote unayoweza kuyawaza. Wakati wa mazoezi, 0 hadi 2 ni salama, endelea. Kuanzia 3 hadi 5 yanakubalika kwa mtu mwenye kiungo kibovu, mradi hayapandi kadiri unavyoendelea. Yakivuka 5, punguza: fupisha mwendo wa kiungo, ondoa uzito, au acha zoezi hilo kwa siku hiyo. Mizani hii wataalamu wa fiziotherapia wameitumia kwa miaka mingi, na inatumika katika mpango wa Denmark wa wagonjwa wa goti na nyonga ulioanza mwaka 2013, ambao leo umeenea nchi nyingi. Kinachonigusa katika mpango ule ni kwamba watu wanaruhusiwa kuumwa kidogo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba maumivu yoyote yanamaanisha kitu kinaharibika. Sivyo. Mfumo wa fahamu uliowahi kujeruhiwa hupiga kelele mapema, na njia ya kuutuliza ni kuuonyesha mara nyingi kwamba mwendo huo hauleti madhara.

Sasa swali la asubuhi. Kesho yake ukiamka, tembea hatua kumi, shuka ngazi kama zipo, inua mkono. Jiulize: hali ni sawa na jana asubuhi kabla ya mazoezi?

Ikiwa ni sawa au bora, kipimo cha jana kilikuwa sahihi. Ikiwa kiungo kinauma zaidi lakini kikarudi katika hali yake ndani ya saa 24, rudia kipimo hichohicho, usiongeze. Ikiwa saa 24 zimepita na bado, au kiungo kimevimba, ulizidisha. Mara ijayo punguza kwa theluthi moja. Uvimbe una uzito kuliko maumivu. Goti lililojaa maji huuzimisha msuli wa paja hata ukitaka kuutumia, kwa hiyo ukifanya mazoezi ya nguvu juu ya uvimbe unajichosha bure.

Tofautisha pia uchovu wa misuli. Nyama za paja zikiuma pande zote mbili siku moja au mbili baada ya zoezi jipya, hiyo ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kama kisu, ya mahali pamoja panapoonyeshwa kwa kidole, ndani ya kiungo, hayo ni ya kuheshimiwa. Na mlio wa goti, ule wa kwa! kwa! unapoinuka, kama hauna maumivu wala uvimbe, uache ulie.

Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki hukunyang'anya kipimo chako, na zikitumiwa mfululizo bila ushauri huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo.

Hatua ya 4: Anza na nusu

Rudi kwenye daftari. Kama uliweza kutembea dakika 20 kabla ya kusikia goti, anza na dakika 10. Kama uliinuka kwenye kiti mara 12, anza na 6. Utaona ni kidogo mno, hata aibu. Fanya hivyo kwa wiki mbili bila kuongeza, hata siku unazojisikia vizuri sana. Siku nzuri ndizo zenye hatari, kwa kuwa ndizo tunazozitumia kulipia siku zote tulizokosa.

Hatua ya 5: Jenga nguvu

Hili ndilo shina la kazi yote. Siku mbili au tatu kwa wiki, ukiacha angalau siku moja katikati. Kabla ya kuanza, pasha mwili moto dakika 8 hadi 10: tembea, zungusha mabega, fanya zoezi lenyewe bila uzito. Katika umri huu dakika hizo si za hiari.

Kila zoezi lifanye seti 2 hadi 3 za mara 8 hadi 12. Shuka polepole, ukihesabu hadi tatu. Ishia pale unapohisi ungeweza kuongeza mara mbili au tatu tu. Pumzika dakika moja hadi mbili kati ya seti.

Goti. Kuinuka na kukaa kwenye kiti ndilo zoezi mama. Likiuma kupita 5, ongeza mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Kadiri wiki zinavyopita, ondoa mto. Likiwa bado linauma, anza na kuegemea ukuta kana kwamba umekaa kwenye kiti kisichokuwepo, magoti yakunjwe kidogo tu, ushikilie sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano. Misuli inafanya kazi bila kiungo kusogea, na mara nyingi maumivu hupungua papo hapo. Baadaye panda kidato cha sentimita 10 hadi 15, mguu mmoja, na kushuka kwako kuwe taratibu. Kushuka ndiko kunakojenga goti la ngazi.

Nyonga. Lala chali, kunja magoti, inua makalio hadi mwili unyooke kutoka bega hadi goti, shikilia sekunde tatu. Ukizoea, tumia mguu mmoja. Kisha lala ubavu na uinue mguu wa juu ukiwa umenyooka na kisigino kikitangulia. Misuli ya ubavu wa nyonga ndiyo inayozuia goti lisianguke ndani unapokanyaga, hivyo hata kama tatizo lako ni goti, usiiruke sehemu hii.

Kifundo na kisigino. Inuka kwa vidole kwa miguu miwili, shuka kwa mmoja, polepole. Mpango maarufu wa Sweden uliochapishwa mwaka 1998 kwa maumivu ya kano ya kisigino ulikuwa wa kushusha kisigino chini ya kidato, mara 15 kwa seti tatu, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Unasaidia wengi, lakini angalia mahali panapouma. Kama ni katikati ya kano, sentimita chache juu ya kisigino, unaweza kushusha chini ya kidato. Kama ni pale kano inaposhika mfupa wenyewe, fanya sakafuni tu, usishushe zaidi, kwani ukishusha kano inabanwa kwenye mfupa na kuwaka.

Bega. Watu wengi huacha kabisa kuinua mkono unaouma, na bega likifungwa hivyo huzidi kukaza. Simama mbele ya ukuta, weka viganja, jisukume. Ukiweza mara 12 bila shida, hamia kwenye meza imara, kisha kiti kirefu. Kwa kila zoezi la kusukuma fanya moja la kuvuta, kwa mkanda wa mpira uliofungwa kwenye kitasa imara. Halafu simama ubavu kwa fremu ya mlango, kiwiko kimekunjwa na kubana ubavu, sukuma fremu kwa mgongo wa kiganja kwa nguvu ya wastani, sekunde 30 hadi 45, mara nne. Hilo huamsha misuli midogo inayoshikilia bega kwenye shimo lake. Ikiwa mkono hauendi juu hata ukisaidiwa na mtu mwingine, na usiku hulali, huenda ni bega lililoganda, ambalo huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60 na hasa wenye kisukari. Hilo lipeleke kwa mtaalamu, ukapimwe na sukari pia.

Mgongo. Piga magoti na mikono sakafuni, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, shikilia sekunde kumi, badilisha. Jifunze pia kuinama kwa kurudisha makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka, kwanza bila kitu, kisha na mzigo mwepesi. Mgongo unaoogopwa kubebeshwa hudhoofika, na siku utakapolazimika kuinua kitu kizito utakusaliti.

Kiwiko na kifundo cha mkono. Shika uzito mdogo, mkono umelala mezani, ushushe polepole na uusaidie kupanda kwa mkono wa pili. Kama kifundo cha mkono hakikunjiki vizuri kwa sababu ya kuvunjika zamani, jisukume ukiwa umekunja ngumi.

Hatua ya 6: Moyo na mapafu bila kuvisaga viungo

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani kwa watu wazima, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika hizo zinagawanyika: kumi asubuhi na kumi jioni zinahesabika kama ishirini, na kwa kiungo kibovu mgawanyo huo mara nyingi ni bora.

Kutembea kunawatosha wengi. Ukiwa na nyonga au goti linalouma na unatumia fimbo, ishike kwa mkono wa upande mzima, si upande unaouma. Watu wengi hukosea hapa. Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, unaouma hutangulia kushuka. Mteremko unatesa goti kuliko mlima, kwa hiyo chagua njia ambayo utarudi kwa tambarare.

Baiskeli inafaa sana ikiwa kiti kiko sawa. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo, kama nyuzi 25 hadi 35. Kiti kilichoshuka mno hubana kilegesambwa, ule mfupa mdogo wa mbele ya goti, kila unapokanyaga, na watu huishia kuilaumu baiskeli.

Maji ni zawadi. Ukisimama yakiwa kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, karibu theluthi moja. Huhitaji kujua kuogelea. Kutembea kwa nguvu ndani ya bwawa kunatosha. Wenye bega bovu ndio wawe waangalifu katika kuogelea kwa kurusha mikono juu.

Kuhusu kukimbia, ningependa kuondoa hofu moja. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta kuchakaa kwa goti au nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Bila shaka baadhi ya wenye magoti mabaya walikwishaacha kukimbia kabla ya kuhesabiwa, lakini ule usemi kwamba kukimbia kidogo kunamaliza magoti haukuungwa mkono. Ukitaka kurudi, subiri hadi uweze kutembea dakika 30 kwa haraka bila kulipia kwa maumivu kesho yake asubuhi, na kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 15 hadi 20. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, mara nane, siku moja ndiyo siku moja hapana. Piga hatua fupi na za harakaharaka kidogo kuliko ulivyozoea, kwani goti hupokea mzigo mdogo zaidi. Kama haiwezekani hata hivyo, haiwezekani. Baiskeli na maji vinaujenga moyo uleule.

Hatua ya 7: Usawa

Kifundo kilichowahi kuteguka hupoteza hisia ya mahali kilipo, na ndiyo maana huteguka tena. Simama mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi mguu mmoja, usiku mwingine. Ukifika sekunde 30, geuza kichwa huku na huku. Kisha simama juu ya mto. Shika kitu karibu daima. Miezi miwili ya jambo hili dogo ina faida kuliko kufunga bandeji maisha yote.

Hatua ya 8: Panga wiki na uongeze kwa akili

Mfano wa wiki za mwanzo: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nguvu, dakika 25. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi kutembea, baiskeli au maji, dakika 15 hadi 20. Jumapili matembezi mepesi tu. Siku ya mapumziko si siku ya kulala kitandani.

Unapoongeza, ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ama dakika, ama uzito, ama kasi. Ukiongeza viwili na kiungo kikalalamika, hutajua cha kulaumu. Kwa kawaida kila wiki mbili inatosha. Ukiugua au kusafiri wiki mbili, rudi na theluthi mbili ya ulipoachia.

Uzito wa mwili unaingia hapa pia. Utafiti wa mwaka 2005 kwa watu wanene wenye goti lililochakaa ulionyesha kwamba kila kilo moja waliyopungua iliondoa mzigo wa takriban kilo nne gotini kwa kila hatua. Kilo tano tu ni jambo kubwa kwa goti linalopiga maelfu ya hatua kwa siku. Lakini usingoje upungue ndipo uanze.

Hatua ya 9: Siku kiungo kinapocharuka

Kitacharuka. Hata ukifanya kila kitu sawasawa, kutakuwa na wiki ambayo goti litavimba au bega litawaka. Usirudi kwenye mwezi wa kukaa.

Siku mbili za kwanza punguza mzigo, inua mguu, funga bandeji ya kubana kiasi. Barafu ndani ya kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 hutuliza maumivu, ingawa haiharakishi kupona. Daktari wa Marekani Gabe Mirkin, aliyeeneza ushauri wa barafu na mapumziko mwaka 1978, mwenyewe alikuja kusema mwaka 2014 kwamba vinaweza kuchelewesha uponyaji. Wakati huohuo endelea kukitembeza kiungo bila uzito: kunja na kunjua goti ukiwa umekaa, mara 20, mara kadhaa kwa siku. Sehemu nyingine za mwili ziendelee na kazi yake. Siku ya tatu au ya nne rudi na mazoezi ya kushikilia bila kusogea, kisha nusu ya kipimo chako cha mwisho, na swali la asubuhi likuongoze kupanda tena. Kwa kawaida wiki moja hadi mbili zinatosha. Zikizidi, au kiungo kikiwa cha moto na chekundu, nenda hospitali.

Hatua ya 10: Wiki ya 12

Rudia vile vipimo vitano vya daftari, kwa kiti kilekile na ukuta uleule. Linganisha namba, si hisia, kwa sababu maumivu hushuka polepole kiasi kwamba mtu husahau alikotoka. Mimi wiki ya 12 goti lilikuwa bado linauma 2 au 3, na nilikuwa nimeamini sijapiga hatua. Daftari likaniambia nimetoka mara 9 hadi 16 kwenye kiti.

Namba zikipanda, endelea. Nguvu iliyokwisha kujengwa huweza kutunzwa kwa siku mbili za wiki, na katika majuma yenye msongamano hata moja. Zikibaki palepale baada ya wiki 12 za kufanya kweli, tafuta mtaalamu wa fiziotherapia na umpelekee daftari lako lote, pamoja na alama za kila asubuhi. Atakachokiona humo ndani ya dakika tano kingemchukua vikao vitatu kukugundua kwa maswali.